Raia wa Mia Mbili

ZUHURA: Haya jamani tumerudi, na leo Masanja kawahi, andikeni tarehe.

MASANJA: Foleni ya Tazara imenionea huruma. Dada Zuhu, leo si tulisema tuwasaidie madogo wa la sita na la saba somo la Uraia na Maadili? Nina karatasi hapa: aina za uraia, alama za taifa, haki na wajibu.

ZUHURA: Iweke pembeni kwanza. Jumanne nimepanda daladala na binti yangu, yeye kwa nauli ya mwanafunzi ya mia mbili, Tegeta Nyuki kwenda Makumbusho, tumegeuza nalo kabisa ili tupate siti. Kufika Afrikana konda anamgonga begani, "We denti, simama mkubwa akae." Mtoto kamwangalia, "Anko, na mimi ni raia." Konda bila hata kufikiria, "Raia wa mia mbili!"

MASANJA: (anacheka) Huyo konda apewe kipindi.

ZUHURA: Gari zima likacheka, mpaka suka kwenye usukani. Mimi nikataka kucheka nikajizuia, maana mtoto macho yameshajaa machozi na begi kalikumbatia hivi, na kasimama.

MASANJA: Na ni sawa kusimama. Mimi nilikuwa denti miaka yote hiyo sijui siti inafananaje. Unampisha mkubwa, ndo malezi.

ZUHURA: Mkubwa gani? Kijana wa miaka kama 25, ana spika za masikioni, wala hakusema asante! Angekuwa bibi au mama mjamzito binti yangu angenyanyuka mwenyewe. Pale kimenyanyuliwa kiti cha mia mbili kikauzwa mia sita.

MASANJA: Konda naye ana hesabu ya tajiri jioni. Gari ikijaa nusu nauli anapeleka nini? Makondakta wengine mtoto hawampakii kabisa, wanambana mlangoni mpaka gari linaondoka, huyu angalau kampakia.

ZUHURA: Kwa hiyo ashukuru? Nauli ya mwanafunzi haijapangwa na konda, imepangwa na LATRA, mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri wa ardhini. Na Katiba ya mwaka 1977 ibara ya 12 inasema binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa, haijasema sawa kulingana na nauli.

MASANJA: Umekuja na ibara! Basi na wajibu upo, ibara ya 25 mpaka 28.

ZUHURA: Nimezisoma. Kufanya kazi, kutii sheria, kulinda mali ya umma, kulinda taifa. Kumpisha mtu mwenye spika za masikioni iko wapi?

MASANJA: Siyo kila wajibu unaandikwa, dada yangu. Ukimfundisha mtoto kwamba wajibu ni ule ulioandikwa tu, kesho mgeni anaingia nyumbani kwako mtoto amejilaza kwenye kochi anakusomea ibara.

ZUHURA: Na wewe ukimfundisha kunyamaza akionewa, kesho akifika 18 akapata kitambulisho na kura atavifanyia nini? Atasimama tu.

MASANJA: Mi sijasema anyamaze. Nimesema asimame.

ZUHURA: Mbele ya mama yake aliyelipa!

MASANJA: Hata mbele ya mama yake.

ZUHURA: Hapo hatuelewani.

MASANJA: Hatuelewani. Mama nawe ulimpa siti yako?

ZUHURA: ...Nilimpakata.

MASANJA: Mtoto wa la sita! Raia wa mia mbili kapakatwa!

ZUHURA: Magoti yananiuma mpaka leo, usicheke. Dogo wa studio anaonyesha vidole vitatu, soma hiyo karatasi haraka.

MASANJA: Dakika tatu? Haya madogo, kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 uraia uko wa aina tatu, wa kuzaliwa, wa kurithi, yaani umezaliwa nje lakini mzazi ni Mtanzania, na wa tajnisi, huyo ni mgeni aliyeomba akakubaliwa. Na ukiwa mtu mzima huruhusiwi kuwa na uraia wa nchi mbili...

ZUHURA: Wa tajnisi kwenye daladala analipa ngapi?

MASANJA: Dada Zuhu, niache nimalize. Alama za taifa. Ngao, ina bwana na bibi wameshika pembe za ndovu, miguuni kwa bwana karafuu, kwa bibi pamba...

ZUHURA: Wamekaa?

MASANJA: Wamesi... (anacheka) Wamesimama.

ZUHURA: Toka uhuru! Konda kawapitia na wao.

MASANJA: Haki na wajibu sasa hata sijafika...

ZUHURA: Dogo anazima taa huyo. Masanja chukua chaja yako.