Ubongo Unaposhindwa Kujisafisha

Mabibi na mabwana, karibuni.

Mwaka 1906, mjini Tübingen, daktari Alois Alzheimer aliwaeleza wenzake alichokiona kwenye ubongo wa mgonjwa wake aliyefariki: mabonge nje ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Mwaka 1912 Friedrich Lewy naye akaeleza vitone vya mviringo alivyovikuta ndani ya seli za neva za wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Tangu hapo swali kubwa limekuwa uchafu huu unatoka wapi. Mimi leo nataka tuulize lingine: mbona haukuondolewa?

Maana seli huzalisha taka saa zote, hata kwa mtu mzima wa afya. Protini hujikunja vibaya, na mitokondria, vile vinu vya nishati ndani ya seli, huchakaa. Protini mojamoja hubandikwa alama iitwayo yubikwitini, zikaenda kukatwakatwa kwenye proteasomu, kinu kidogo cha seli chenye tundu jembamba. Ugunduzi wa kazi ya alama hiyo uliwapa Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004. Hapo sitakaa sana, kwa sababu bonge la protini halipiti kwenye tundu la proteasomu. Linahitaji njia nyingine, nayo ni otofagia.

Katika otofagia, utando huota ndani ya seli, ukauzunguka mzigo na kuufungia kwenye kifuko. Kifuko huungana na laisosomu, chumba cha kusagia taka ndani ya seli, ambayo Christian de Duve aliitambulisha mwaka 1955. Humo mna asidi, pH ikiwa kati ya 4.5 na 5, na vimeng'enya vya kila namna, yaani protini zinazovunjavunja vitu. Mzigo husagwa, na malighafi yake hurudi kutumika upya.

Mjapani Yoshinori Ohsumi aliiona kazi hii kwa namna inayonivutia mpaka leo. Alichukua hamira zisizo na vimeng'enya vya kusaga, akazinyima chakula, kisha akazitazama kwa hadubini. Vifuko viliingia kwenye chumba cha kusagia, vikakosa wa kuvisaga, vikajaa humo vikichezacheza. Kwa kutumia hamira hizo akazisaka jeni zinazoendesha otofagia, na mwaka 2016 akapewa Nobel ya Tiba. Ikumbukeni picha hiyo ya vifuko vilivyojaa bila kusagwa, tutaihitaji.

Sasa, kwa nini ubongo ndio uumie zaidi? Seli ya ngozi ikichakaa hubadilishwa, na inapogawanyika huupunguza uchafu wake kwa kuugawa. Seli ya neva haigawanyiki. Nyingi tulizonazo tumezaliwa nazo na tutazikwa nazo. Tena aksoni yake, ule mkia mrefu unaopeleka ujumbe, inaweza kufika urefu wa mita moja. Kifuko kilichofungwa kwenye ncha ya mkia huo hakina budi kuvutwa safari yote kuelekea kiini cha seli, huku kikizidi kupata asidi njiani. Ikikwama safari, au asidi ikikosekana, mzigo unabaki njiani.

Mwaka 2006 timu mbili za Japani zilizima jeni za otofagia, Atg5 kwa moja na Atg7 kwa nyingine, katika seli za neva za panya. Panya hao hawakuwa na protini yoyote ya ugonjwa waliyowekewa. Hata hivyo walianza kuyumba, protini zikarundikana, seli za neva zikafa. Kwangu huo ndio ushahidi mzito: kushindwa kusafisha peke yake kunatosha kuua seli.

Ila usafi hauharibikii mahali pamoja. Jeni za PINK1 na Parkin hutia alama mitokondria zilizochakaa ili zichukuliwe. Anayerithi nakala mbili mbovu za Parkin huweza kupata Parkinson akiwa bado kijana. Hapo kasoro iko mwanzoni, kwenye kutia alama. Katika ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kupoteza kumbukumbu uliopewa jina la daktari yule, hadubini ya elektroni huonyesha mikia ya neva iliyovimba, ndani imesheheni vifuko vyenye mzigo uliosagwa nusunusu. Ni picha ileile ya hamira za Ohsumi. Mzigo umefungwa vizuri. Kusagwa ndiko kulikoshindikana.

Ndiyo maana nina shaka na wanaosema dawa ni kuchochea otofagia tu. Kama laisosomu imelemaa, kuiongezea mizigo ni kumwaga ndoo zaidi kwenye mfereji ulioziba.

Jeni ya GBA1 inalionyesha hili wazi. Hutengeneza kimeng'enya cha laisosomu kinachovunja aina fulani ya mafuta. Ukirithi nakala mbili mbovu unapata ugonjwa wa Gaucher. Hata moja tu huongeza hatari ya Parkinson, ingawa wengi walio nayo hawaugui. Mwaka 2023 watafiti walitangaza badiliko la GBA1 linalopatikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika, ambalo tafiti za Ulaya hazikuwa zimeliona. Ubaya zaidi, kimeng'enya kikipungua, protini ya alfa-sinukleini, ile inayojaa kwenye vitone vya Lewy, hurundikana, nayo ikirundikana hukizuia kimeng'enya kisifike kwenye laisosomu. Kila kimoja kinakichochea kingine.

Ambroksoli, dawa ya kikohozi ya miaka mingi, hukisaidia kimeng'enya hicho kujikunja sawasawa na kufika kazini. Jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2020 lilionyesha kwamba inafika kwenye ubongo wa wagonjwa wa Parkinson, na sasa jaribio kubwa linaendelea Uingereza kuona kama inapunguza kasi ya ugonjwa. Jibu bado. Nawaomba walio na wagonjwa nyumbani wasikimbilie kuwanunulia: kwenye jaribio lile la kwanza dozi ilifikia gramu 1.26 kwa siku, mara kadhaa ya dozi ya kikohozi, na kila mgonjwa alikuwa chini ya uangalizi wa daktari.