Pindua Meza Kwanza: Mhadhara Kuhusu Chumba cha Kulia

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, mafundi mliofunga karakana mapema ili mfike, na ndugu zangu wote mliostahimili foleni ya jioni hii, nawashukuru. Wengi mmeshanisikia nikilisema hili katika vikao vingine vya jiji letu, na leo nitalisema tena, kwa sababu hata wiki hii, nilipokuwa nikipita Keko, kwenye karakana za samani, nimeona meza ya mninga ikiuzwa kwa bei ya kuni.

Hoja yangu ni hii. Anayetaka kupamba chumba cha kulia katika nyumba ya Dar es Salaam asianzie dukani. Aanzie uani kwake, stoo kwake, na nyumbani kwa wazazi wake, kwani huko ndiko tulikozitupa mbao bora kuliko zote tutakazouziwa. Samani nyingi zinazoletwa zikiwa zimefungwa katika maboksi zimetengenezwa kwa vumbi la mbao lililogandamizwa kwa gundi, yaani chipubodi na MDF, kisha zikavikwa karatasi yenye picha ya mbao. Katika jiji ambalo unyevu wa hewa huzidi asilimia 70 sehemu kubwa ya mwaka, na ambalo nyumba hupigwa deki kila asubuhi, maji hupenya kwenye ncha za miguu ya meza hiyo, vumbi likavimba, karatasi ikabanduka, na fundi hana la kukusaidia, kwa kuwa vumbi lililokwisha kuvimba halirudi kuwa ubao. Wakati huohuo meza ya babu iko uani imebebeshwa jiko la mkaa.

Niruhusuni niwaeleze juu ya meza moja, maana ndani yake mna karibu kila nililokuja kulisema. Familia moja ya Temeke iliniita niwashauri wanunue meza gani kwa ajili ya chumba chao kipya. Walikuwa na picha nyingi kwenye simu. Mimi nikawauliza ile ya uani ni ya nani. Wakacheka, wakasema ile ni ya kuoshea vyombo, ilikuwa ya marehemu mzee, imepakwa rangi ya mafuta ya kijani mara nyingi kiasi kwamba kingo zake zimekuwa za mviringo. Nikaomba ipinduliwe. Vijana wawili walijaribu wakashindwa, akaitwa wa tatu, na hapo ndipo mama mwenye nyumba alipoacha kucheka, kwa sababu uzito wa meza ni jambo la kwanza linalosema ukweli.

Chini ya meza hapapakwi rangi. Huko ndiko ninakowasihi mtazame kabla ya kutazama juu. Tulikuta alama za msumeno, mistari ya penseli ya seremala bado ikisomeka kwenye pembe, na viungo vya miguu vilivyochongwa ubao ukaingia ndani ya ubao mwenzake na kukazwa kwa kijiti cha mbao, bila msumari hata mmoja. Nikachukua kipande cha kioo kilichovunjika, kama wafanyavyo mafundi wetu wa zamani, nikakwangua upande wa ndani wa mguu mmoja mahali pa ukubwa wa kiganja. Ikatoka rangi ya kahawia ya dhahabu yenye michirizi myekundu. Ilikuwa mninga. Mti huu huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao, na sifa yake kubwa ni kwamba ukishakauka haupindi wala hausinyai kwa kiasi cha kuonekana, hata unyevu ukipanda na kushuka. Kwa jiji la pwani, sifa hiyo haina bei. Na sisi tulikuwa tukioshea vyombo juu yake!

Sasa kazi yenyewe. Rangi ya mafuta ya zamani isipigwe msasa ikiwa kavu. Rangi nyingi za zama hizo zilichanganywa na madini ya risasi, na vumbi lake likivutwa au kulambwa na mtoto huathiri ubongo wake bila kuonyesha dalili mapema. Tumieni dawa ya kutolea rangi, au loanisheni na kukwangua taratibu nje ya nyumba, kisha mkusanye mabaki yote katika mfuko na kuyatupa. Watoto wasikaribie. Barakoa ivaliwe hata baada ya rangi kuisha, hasa kwa wenye meza za mvule, kwa kuwa vumbi la mvule linajulikana kwa kuwasha ngozi na kuchochea pumu.

Viungo vilivyolegea visipigiliwe misumari. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu ndilo kosa linaloua meza nyingi kuliko mchwa. Msumari hupasua ulimi wa kiungo, ile sehemu inayoingia ndani ya ubao mwenzake, kisha karibu na bahari hushika kutu, na kutu hiyo hutia weusi kwenye ubao. Kiungo kifunguliwe, gundi ya zamani ikwanguliwe mpaka mbao ionekane, ipakwe gundi mpya ya mbao, kisha kifungwe kwa nguvu na kuachwa kwa siku nzima. Asiye na jiriwa, kile chombo cha kubania mbao, akate tyubu ya baiskeli iwe utepe mrefu, auzungushe kwenye fremu huku akiuvuta. Utepe huo hubana pande zote kwa pamoja na hauachi alama. Mafundi wa Gerezani wanaijua njia hii vizuri kuliko mimi.

Baada ya hapo ni msasa, na hapa nitagombana kidogo na mafundi waliopo, wanisamehe. Kuna tabia ya kufunga jiwe la msasa kwenye grenda na kuizungusha juu ya meza mpaka ing'are. Kazi huisha upesi, mteja hufurahi, na siku vanishi inapopakwa mikwaruzo ya mviringo hujitokeza juu ya meza nzima, kwa kuwa vanishi haifichi mkwaruzo, huuonyesha. Msasa upigwe kwa mkono au kwa mashine ya kutetema, ukifuata mkondo wa nyuzi za mbao, kuanzia namba 80, kisha 120, kisha 180, na kumalizia 220. Hakuna kuruka namba. Kila namba ipo ili kufuta mikwaruzo ya ile iliyotangulia, na anayeruka kutoka 80 hadi 220 ameiacha mikwaruzo ya 80 ndani ya ubao. Na nawaomba sana, mninga usipakwe ile rangi nzito ya wekundu uliokoza ambayo hupakwa kila samani siku hizi. Hiyo ilibuniwa ili mbao hafifu zifanane na mbao bora, na mninga hauna haja ya kufanana na kitu kingine.

Vanishi ipakwe lini? Watu hushangaa ninapouliza swali hili. Ikiwa fundi wako hutumia vanishi ya kupuliza inayokauka haraka, ile inayochanganywa na tina, yaani kimiminika cha kuizimua, basi asiipulize wakati wa masika. Tina inapoyeyuka huupoza uso wa meza, unyevu wa hewa huganda juu yake, na vanishi hubaki na ukungu mweupe kama maziwa. Mteja hudhani amedhulumiwa, fundi hudhani dawa ni feki, kumbe ni hali ya hewa. Ngojeni Juni hadi Septemba, au fanyeni saa za mchana jua likiwa limewaka siku kadhaa mfululizo. Tabaka tatu nyembamba hushinda moja nene, na kati ya tabaka pitisheni msasa laini wa namba 400. Anayependa mafuta ya kitani na nta ya nyuki, ambayo kwetu hupatikana ya kutosha kutoka Tabora, hatapata tatizo la ukungu, lakini azingatie mambo mawili: nta haivumilii sufuria ya moto, na matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yakikunjwa na kurundikwa huweza kuwaka moto yenyewe. Yaanikwe yakiwa yamekunjuliwa.

Najua mnachotaka kuniambia. Mtasema mafundi wanasumbua, unaambiwa njoo Ijumaa, ukienda Ijumaa unaambiwa Jumatatu. Ni kweli, nami limeshanifika. Lakini mara nyingi mteja naye humpelekea fundi meza bila maelezo, akampa malipo ya awali, akatoweka. Kubalianeni kazi kwa hatua: kutoa rangi, kufunga viungo, msasa, vanishi, na kila hatua ikaguliwe na kulipwa. Fundi anayejua kwamba utakuja kupapasa ubao kabla ya vanishi hatapiga grenda. Wengine mtasema gharama. Linganisheni basi na meza mpya ya mbao ngumu halisi, msilinganishe na ya chipubodi, kwa kuwa hiyo mtainunua tena. Na wako watakaosema kwamba sisi watu wa Pwani hula mkekani, meza ya nini. Nawaheshimu sana hao, nami siku ya Ijumaa hula hivyo, na lolote nitakalosema juu ya vitu vya kusuka linawahusu wao kwanza.

Viti nitavipitia haraka kwa sababu naona mwenyekiti anatazama saa. Ile familia ya Temeke haikuwa na viti vya asili vya meza yao, vilishapotea. Wakakusanya vya aina mbalimbali kutoka kwa ndugu. Viti visivyofanana havidhuru chumba ikiwa kimo cha kalio, yaani mahali pa kukalia, ni kimoja. Meza nyingi zina kimo cha sentimita 75 hivi, na kalio la kiti likiwa kwenye sentimita 45 mtu hula bila kuinua mabega. Kirefu mno hukatwa miguu, kifupi huongezewa kitako au mto. Kisha vyote vipakwe vanishi ya aina moja na mito yake ivikwe kitenge kimoja. Kila mlaji ahesabiwe sentimita 60 za ukingo wa meza, na nyuma ya kiti ibaki nafasi ya sentimita 80 au 90 mpaka ukutani, la sivyo anayetaka kuinuka atawainua wote. Chumba kikiwa kidogo, meza isogezwe ukutani na upande mmoja uwekewe benchi.

Sasa mapambo ya mikono. Nilikuwa na mengi hapa. Nitasema lile linaloniudhi zaidi. Tunaingia hotelini tunakuta kawa za ukili zimetundikwa ukutani, tunazipiga picha, kisha tunarudi nyumbani kufunika chapati kwa sahani ya plastiki inayokusanya mvuke na kuurudisha juu ya chapati matone kwa matone. Kawa ilisukwa ili ifunike chakula. Mvuke hupenya kwenye ukili, nzi hapiti, na chapati hubaki kavu. Iwekeni mezani! Pambo la chumba cha kulia liwe ni kitu kinachofanya kazi kwenye mlo, na hapo hamtahitaji maua ya plastiki yanayobeba vumbi mwaka mzima. Vikapu vya Iringa vinavyosukwa kwa nyasi za milulu vibebe mikate na matunda. Vyungu vya Wakisi wa Ziwa Nyasa viwekwe majani mabichi kutoka bustanini. Vitanga vya ukili viwe chini ya sahani na sufuria, navyo ndivyo vitakavyoiokoa ile vanishi yenu. Kanga nzuri kama kitambaa cha meza, ila msome maandishi yake kabla ya kuitandika, kwa kuwa mgeni atayasoma yote akisubiri wali.

Ukutani, mchoro wa Tingatinga unafaa chumba cha kulia kuliko picha ya karatasi kwa sababu ya jinsi unavyotengenezwa. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora kwa rangi za mafuta zinazong'aa, zile za kupakia baiskeli, juu ya masonaiti, yaani mbao nyembamba za nyuzi zilizogandamizwa, na wanaofuata njia yake wangali wakitumia rangi za aina hiyo. Mchuzi ukirukia, tambara lenye unyevu linatosha. Nendeni Oysterbay, waliko wachoraji hao, mzungumze na mchoraji mwenyewe, mwambieni ukuta wenu ni wa upana gani.

Mpingo, ule ubao mweusi wa vinyago, ni suala refu na sitaliweza leo. Niseme tu kwamba bakuli au kijiko cha mpingo wa kweli ukikitia majini kinazama, na kwamba kinyago cheusi kilicho chepesi mkononi huenda ni mti mwingine uliosuguliwa rangi ya viatu. Kipindueni nacho, mkwaruze kidogo chini ya kitako kabla ya kulipa. Na kisiwekwe mbele ya kiyoyozi, kitapasuka.

Kuhusu taa na rangi za kuta sitasema kitu, muda umekwisha. Walioleta picha za meza zao, zilizopigwa pia upande wa chini kama nilivyoomba kwenye tangazo, wasogee hapa mbele tuzitazame pamoja na mafundi. Ila aanze yule mwenye meza yenye unga laini mweupe sakafuni chini ya miguu. Hao ni wadudu, wanakula ile sehemu nyeupe ya nje ya ubao, na inapasa ubao utibiwe kabla hamjagusa msasa.