Usimpime kwa Damu ya Mbwa wa Jirani

Nimepewa dakika ishirini na tano. Aliyenipa ananijua, ndiyo maana ameketi mstari wa mbele na saa mkononi. Basi nisizunguke. Wengi wenu mmeshamchukua greihaundi aliyestaafu mbio, au watoto wamewaganda mpaka mmesalimu amri, kwa hiyo sina haja ya kueleza ni mbwa gani. Yule mrefu, kiuno cha nyigu, anayelala kutwa. Nataka kusema habari za jike mtu mzima, wa miaka saba, nane, tisa. Huyo ndiye anayeletwa kliniki akiwa na wiki tatu tu kwenye nyumba mpya, na huyo ndiye tunayemkosea zaidi.

Nasema tunamkosea kwa sababu mimi ni muuguzi wa wanyama, mwaka wa 11 huu hapa Uingereza, na kisa ninachokuja nacho mimi mwenyewe nilikuwemo. Waliokwisha kukisikia wavumilie.

Shwari nilimchukua akiwa na miaka minane. Ana chapa za wino ndani ya masikio yote mawili, kwa maana alizaliwa Ireland, kama walivyo wengi wanaokimbizwa huku. Alikimbia kidogo, akarudishwa kuzalishwa, akazaa mara mbili, kisha akatolewa kizazi na kutafutiwa nyumba. Nilipomleta kwangu mapaja yake kwa nyuma hayakuwa na unywele hata mmoja, yanang'aa kama kipara cha baba yangu. Alilala saa kumi na saba kwa siku. Akiamka anakula, analizunguka kochi mara mbili, anajibwaga tena na kuguna kama mtu aliyetoka kulima.

Kliniki niliyokuwa nayo wakati ule, siitaji, ilimtoa damu. Mguu niliushika mimi. Majibu yakarudi: homoni ya tezi ya shingo, thairoidi, iko chini kabisa. Daktari akatazama mapaja, akauliza usingizi, akatazama karatasi. Mambo matatu yamekubaliana! Tezi imelala. Vidonge vya homoni hiyo asubuhi, vidonge jioni, mpaka siku ya kufa. Nami nikaitikia kwa kichwa, muuguzi mzima, nikalipa.

Wiki ya tano akaanza kuhema usiku. Umelala, unasikia kucha zake sakafuni: jikoni, ukumbini, jikoni, ukumbini. Kilo 27 zikawa 24. Ukimwekea kiganja ubavuni saa tisa ya usiku unaukuta moyo unakwenda kama wa ndege aliyenaswa. Nikarudi kwa daktari. Akasema tuupe mwili muda uzoee.

Aliyenizindua ni mzee mmoja wa Kiingereza, mfugaji wa zamani, aliyekuwa amekaa pale mapokezi akisubiri zamu yake. Alinisikia nikimlalamikia mwenzangu. Akaniuliza swali moja tu: “Mmemlinganisha na nani?”

Ndugu zangu, mhadhara wangu wote ni swali hilo. Anayetaka kwenda kunywa chai sasa aende.

Ile karatasi ya majibu ina safu pembeni inayoonyesha kiwango cha kawaida. Kawaida ya nani? Ya labrado, ya pudo, ya mbwa mchanganyiko, wote wamejumlishwa humo. Greihaundi hakuumbwa kwa hesabu hiyo. Chembe nyekundu za mbwa wa kawaida huchukua kati ya asilimia 37 na 55 ya damu yake. Huyu anaweza kufika 65, ni mzima, na wala hajaishiwa maji mwilini. Ndiyo maana kwenye benki za damu za mbwa greihaundi ni wafadhili wanaopendwa: damu nzito, na mshipa unaouona ukiwa mlangoni. Chembe sahani zake, zile zinazogandisha damu, ni chache kuliko za wenzake, usianze kumtafutia ugonjwa wa kuvuja damu. Kreatinini, taka ya misuli inayochujwa na figo, iko juu kidogo, usikimbilie kusema figo, tazama kwanza ile misuli. Na homoni ya thairoidi iko chini, wakati mwingine chini mno, tangu ujana wake. Ndivyo alivyo. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio, nadhani walikuwa na maabara.

Je, haiwezekani greihaundi akawa na ugonjwa wa tezi kweli? Inawezekana, ila ni nadra, na namba moja peke yake haitoshi kumhukumu. Ipimwe pia ile homoni ya ubongo inayoiamrisha tezi. Tezi ikiwa imechoka kweli, mara nyingi ubongo utakuwa unaipigia kelele na namba hiyo itapanda. Ya Shwari, baada ya kumwachisha vidonge chini ya uangalizi wa daktari mwingine na kungoja wiki kadhaa, ilikuwa imetulia tuli. Hakuna aliyepigiwa kelele. Mapaja yake yana upara kwa sababu greihaundi wengi wana upara wa mapaja, na usingizi ule ni kazi yao ya kudumu. Tafadhali, kesho asubuhi mtu asitupe vidonge vya mbwa wake kwa kuwa amenisikia mimi. Nenda uulize upimaji wa pili.

Sasa nawaona wawili watatu wananitazama. Kuna anayejiambia, nyumbani watu wenyewe hawapati kipimo cha damu, huyu dada anatuletea homoni za mbwa. Najua. Nami nimekulia Likoni, mbwa wetu alilala nje na alitibiwa kwa majivu. Lakini huyu umesaini karatasi ukamwingiza ndani. Na kwa ndugu zangu ambao mate ya mbwa kwao ni najisi, sikuja kufundisha dini. Wengi wenu mnahudumia wazee wenye mbwa hawa, na bibi wa miaka themanini hawezi kuinama atazame unyayo wa mbwa. Wewe unaweza.

Mwingine anasema, daktari atanisikiliza mimi, na lafudhi yangu hii? Usibishane naye. Sema tu: naomba majibu haya yasomwe kwa viwango vya greihaundi. Viwango vipo na vimechapishwa. Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio kule Marekani kilikuwa na programu nzima ya afya ya greihaundi, chini ya Profesa Guillermo Couto. Daktari mzuri atakushukuru. Na kuna sababu ya mfukoni pia: ugonjwa ukishaandikwa kwenye faili, bima utakayokata kesho itauhesabu ni wa zamani na haitaulipia. Shwari mpaka leo ana tezi mbovu kwa mujibu wa bima yangu. Nimeandika barua nne. Tuyaache.

Kumbe wakati tunahangaika na tezi, mbwa anaumwa kweli, na sote tunamtazama. Kila tukitoka kutembea alinivuta kwenye ukingo wa nyasi. Kwenye lami anachechemea mguu wa mbele wa kushoto, kwenye nyasi anatembea kama bibi harusi. Nikasema anaringa. Kliniki wakasema ni viungo, umri huo, mpe dawa ya maumivu. Siku moja binti yangu, alikuwa darasa la tano, anamfuta miguu matope, akaniita: “Mama, hapa kuna kidude kama kifungo.” Sugu. Duara dogo gumu katikati ya unyayo wa kidole, limezama kama msumari. Unaloweka kwanza, unafuta, ndipo unaliona. Ukilibana kwa kidole gumba mbwa anavuta mguu. Mbwa wengine ni nadra kuwa na sugu hizi, greihaundi wanazo tele. Hukwanguliwa, hurudi, unakwangua tena. Siku hizi wapo madaktari wa upasuaji wanaokata kano ya kidole ili uzito uhame, na wengi hupata nafuu.

Naona saa inaonyeshwa. Haya, haraka, na hili si dogo: si kila kuchechemea ni sugu. Greihaundi mzee akichechemea, unyayo ukawa safi, na siku chache zikapita bila nafuu, piga eksirei. Usikubali dawa ya maumivu ya mwezi mzima bila picha. Saratani ya mifupa inawapenda mno mbwa hawa. Kwenye mguu wa mbele hukaa karibu na bega au juu kidogo ya kifundo, kwenye mguu wa nyuma huzunguka goti. Ikigunduliwa, mara nyingi mguu hukatwa na tiba ya dawa hufuata, na mbwa wengi hupata kama mwaka hivi. Hata akibaki na miguu mitatu atakukimbia tu.

Meno. Fungua mdomo leo usiku. Wanakulia chakula laini, ukoga umejaa na fizi zimeoza. Wengi wenu mtahitaji kumlaza mbwa kwa nusu kaputi asafishwe, na hapo mambo ni mawili. Taja kwamba ni greihaundi kabla hawajachagua dawa, maana ini lake huchelewa kuzisafisha baadhi ya dawa za usingizi, na mafuta mwilini hana. La pili ndilo linaloniamsha usiku: damu. Anatoka upasuaji vizuri, anakula, kila mtu anafurahi, halafu siku ya pili anavimba na kuvia damu chini ya ngozi. Kwenye utafiti wa Ohio, greihaundi waliotolewa kizazi au kuhasiwa, takriban mmoja kati ya wanne alitoka damu hivyo, saa 36 hadi 48 baadaye. Tatizo ni kwamba donge la damu linayeyuka mapema mno. Ipo dawa ya kulizuia lisiyeyuke, asidi ya traneksami ni mojawapo. Uliza kabla ya siku ya upasuaji. Na usimfanyie Ijumaa, halafu Jumapili uanze kutafuta kliniki iliyo wazi!

Moyo, minyoo, mkojo unaovuja baada ya kizazi kutolewa: sina muda, niulizeni nje. Karatasi ya viwango iko mezani karibu na birika, mpige picha. Shwari yuko nje na binti yangu. Msimtafute kwenye maegesho, yuko kule kwenye nyasi.