Hesabu Omu Kabla ya Kukaza Skrubu

Nimesikia "ugonile" na "kamwene" pale mlangoni, basi najua humu tuna watu wa Rungwe na watu wa Iringa pamoja. Karibuni sana kwenye somo la kufunga muziki wa gari, wadogo zangu. Baridi hii ya Julai mnayoilalamikia ndiyo iliyonidanganya mwaka ule nilipounguza ampli, yaani kikuza sauti, ya mteja.

Ilikuwa gari aina ya Noah, la kijana wa hapa Mwanjelwa, Mbeya. Alileta ampli ya chaneli 4, yaani njia nne za kutoa sauti, na sabufa mbili. Kila sabufa ina koili mbili, yaani waya uliozungushwa unaosukuma koni ya spika, za omu 4; omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme. Spika za milango ya mbele nikazipeleka chaneli ya 1 na ya 2. Chaneli ya 3 na ya 4 nikaziunganisha zifanye kazi kama moja: chanya ya hii, hasi ya ile, kama alama za kwenye ampli zinavyoelekeza. Hapo sikukosea. Kisha nikachukua koili zote nne, chanya zote pamoja, hasi zote pamoja, nikakaza skrubu. Besi ikatoka nzito, vioo vikatetemeka. Kijana alifurahi, nami nikafurahi.

Wiki nzima alizunguka mjini, Mafiati hadi Uyole, bila tatizo. Jumamosi akapeleka harusi Kyela. Joto la kule chini kando ya Ziwa Nyasa mnalijua. Taa nyekundu ya ampli ikawaka, muziki ukakata. Akasubiri, akawasha tena. Ikakata tena. Mwishoni ikatoka harufu, na ampli aliyoidunduliza kwa miezi ikawa imekwisha. Niliilipa, na nilistahili kuilipa.

Tufanye hesabu ambayo mimi sikuifanya. Koili nne za omu 4 zikifungwa sambamba, yaani chanya zote pamoja na hasi zote pamoja kama nilivyofanya, mzigo unakuwa omu 1. Kitabu cha ampli ile kilisema kwamba chaneli mbili zikiunganishwa, zisishuke chini ya omu 4. Kwa nini 4, wakati chaneli moja peke yake inaruhusiwa 2? Kwa sababu chaneli zikiunganishwa, kila moja inaona nusu ya mzigo. Omu 4 ni omu 2 kwa kila upande. Mimi nilizipa nusu omu kila upande! Omu zikishuka, mkondo wa umeme unapanda, na mkondo ukizidi mara mbili joto ndani ya nyaya halizidi mara mbili, linafika mara nne, na transista za ampli nazo zinazidi kuchemka. Baridi ya Mbeya ilikuwa inaipooza ampli ile na kulificha kosa langu.

Na dawa ilikuwa mkononi, bila kununua hata waya mpya. Koili mbili za sabufa moja unazifunga kwa mfululizo: hasi ya koili ya kwanza inaingia chanya ya koili ya pili. Unapata omu 8. Sabufa ya pili hivyohivyo, omu 8. Sasa sabufa hizo mbili unazifunga sambamba, unarudi omu 4 kamili. Ndivyo nilivyomfungia upya, na gari lilishuka Kyela likapanda.

Usiamini karatasi iliyobandikwa nyuma ya sabufa. Pima omu kwa mita ya umeme kabla ya kuunganisha na ampli. Koili ya omu 4 itasoma pungufu kidogo, 3 na ushee, na hiyo ni sawa. Halafu chukua betri ya tochi ya volti 1.5, gusisha chanya kwa chanya: koni lazima isukume nje. Sabufa moja ikisukuma nje na mwenzake ikivuta ndani, zinauana besi, na mteja atakwambia ampli yako ni mbovu.

Waya wa umeme. Tuseme ampli inatoa wati 400 za kweli, si zile elfu mbili za kwenye boksi. Ampli ya aina ya AB, aina moja ya saketi za ampli, inapoteza karibu asilimia 40 kuwa joto, hivyo inavuta karibu wati 670. Gawa kwa volti 13.8 za injini ikiwaka: ampea 48. Huo si mzigo wa kawaya kembamba. Weka shaba ya milimita za mraba 21 hivi, na ujihadhari na alumini iliyopakwa shaba. Ikwangue kwa kisu uone weupe ndani. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Kazi yake ni kuulinda waya usiunguze gari, kwa hiyo ikikaa kule nyuma kwenye buti haina maana. Waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari uwe mfupi, na rangi ikwanguliwe hadi chuma king'ae.

Wenye Coaster, angalieni: nyingi ni volti 24. Msichukue volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili, mtaziua zote. Tumieni kipunguza volti chenye ampea za kutosha.

Hasi ya spika isiguse bodi kabisa. Ile tabia ya redio za zamani, ya kutumia bodi kama hasi ya spika, iacheni.

Sabufa mbili ziko mezani, koili hazina alama. Wawili wa mstari wa mbele, njooni na mita zenu.