Jasho la Kioo: Kupoza Tyubu ya Leza Huku Pwani

Shikamooni wakubwa zangu, na vijana habari za asubuhi. Kabla sijaanza, naomba mwitazame glasi hii mezani. Nimeijaza maji sasa hivi kutoka kwenye chila, yaani mashine ya kupoza maji, niliyoiweka nyuzi 18. Tuiache hapo.

Wengi wenu mnakata akriliki na MDF, zile mbao za unga uliogandamizwa: mabango, ngao za zawadi, kadi za harusi. Mashine zenu za leza zina tyubu ya kioo ya wati 100 hivi, ndefu karibu mita moja na nusu. Leo sitagusa lenzi wala programu. Nazungumzia maji, kwa sababu tyubu nyingi nilizozifungua zikiwa zimekufa hazikufa kwa uzee. Zilikufa kwa maji.

Ndani ya kioo kile mna kaboni dioksaidi, naitrojeni na heliamu. Leza ya aina hii ilibuniwa mwaka 1964 na C. Kumar N. Patel, akiwa Bell Labs kule Marekani. Umeme huisisimua naitrojeni, naitrojeni huikabidhi kaboni dioksaidi nguvu yake, nayo huitoa kama mwali wa maikromita 10.6 ambao jicho halioni. Ule mng'ao wa zambarau mnaouona kwenye tyubu sio unaokata. Molekuli ikishatoa mwali haijamaliza kazi. Imekwama kwenye ngazi ya chini ya nguvu, na lazima ishuke hadi sakafuni ndipo iweze kupanda tena. Heliamu huisaidia kushuka, kisha hulibeba joto hadi ukuta wa kioo, ambako maji hulipokea. Gesi ikipata moto, ngazi ile hujaa na mwali hudhoofika.

Ndiyo maana MDF ya milimita 6 iliyokatika vizuri asubuhi, saa nane mchana inagoma. Na hapo fundi hufanya nini? Huongeza nguvu. Miliampia, yaani mkondo wa umeme kwenye tyubu, zinapanda, joto linapanda, mwali unazidi kudhoofika, naye anaongeza tena. Nawaomba sana: mashine ikigoma mchana, mkono uende kwanza kwenye kipimajoto cha maji.

Tupige hesabu. Tyubu ya wati 100 hula umeme wa wati 500 hivi. Mia moja inatoka kama mwali, mia nne inabaki kuwa joto. Ukitumia ndoo ya lita 20 na pampu ya kuzamisha, ukakata mfululizo, maji yanapanda karibu nyuzi 17 kwa saa. Umeanza saa tatu na maji ya nyuzi 28. Saa nne yanaelekea 45. Kile kisanduku cha feni na redieta nacho hakiwezi kupoza maji chini ya joto la chumba, hata ukifanyeje. Barafu ndani ya ndoo siipendi: kioo kilichopata moto hakitaki kushtuliwa na baridi. Kwa wati 100, nunua chila yenye kompresa.

Lakini chila nayo ina mtego wake, na hapa ndipo pwani yetu inapotofautiana na vitabu vya maelekezo. Vingi vinakwambia uweke nyuzi 20 hivi. Sasa fikiria kaskazi ya Dar es Salaam: chumba nyuzi 30, unyevu asilimia 75. Hewa hiyo ina kiwango cha umande cha nyuzi 25. Chochote kilicho baridi kuliko hapo kinatoa jasho, na tyubu haikusamehewa. Upande mmoja una volti karibu elfu 20. Umeme ukipata njia juu ya kioo kilicholowa, unaruka cheche hadi kwenye mwili wa chuma wa mashine. Upande wa pili kuna kioo cha kutolea mwali. Tone likitua pale, mwali unalichoma na kuacha doa lisilofutika.

Kwa hiyo chumba kisicho na kiyoyozi, kaskazi, mimi naweka nyuzi 26. Napoteza nguvu kidogo na ninakubali. Chumba kikifungwa na kiyoyozi kikafanya kazi, hewa inakauka, na hapo 20 au 22 ni salama. Ila usizime kiyoyozi jioni ukaiacha chila ikinguruma usiku kucha.

Maji yenyewe yawe yaliyokenekwa, yale tunayoyaita maji ya betri. Si ile asidi, soma chupa. Maji ya kisima cha huku yana chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Volti zitasafiri ndani ya mpira wa maji hadi kwenye chila.

Kuhusu kufunga, nisikilizeni vizuri hapa. Tyubu ilale kwenye vishikio viwili vyenye mpira laini, isikazwe kama boliti ya gari. Kabla ya kukaza, izungushe mpaka bomba la kutolea maji litazame juu, ili hewa itoke. Tyubu ya kwanza niliyoivunja ilikuwa na povu moja, kubwa kama punje ya haragwe, karibu na kioo cha kutolea mwali. Niliiona. Mteja alikuwa mlangoni, nikasema itatoka yenyewe. Pale penye povu maji hayakugusa kioo, na kioo kikapasuka. Hata leo siwashi kabla ya kuimulika tyubu nzima kwa tochi.

Swichi ya mtiririko iungwe kwenye bodi ya umeme inayoongoza mashine, ili maji yakisimama mwali ukatike. Nimekuta karakana ambako fundi ameiruka swichi hiyo, akaunganisha waya kwa waya, kwa sababu "inasumbua". Ilikuwa inasumbua kwa kuwa pampu ilikuwa inakufa. Na jambo hili nalisema kwa ajili ya maisha yenu: waya wa ethi ufike ardhini kweli, na msiguse waya mwekundu unaopeleka volti kwenye tyubu hata mashine ikiwa imezimwa, kwani umeme mkali hubaki humo. Anayejua kuutoa ndiye aguse.

Haya, glasi yetu. Mnaona imelowa nje, na chini yake meza imelowa pia. Nimepandisha chila hadi 26 tangu tulipoanza. Naifuta hii, naisuuza kwa maji mapya, naijaza tena. Walio nyuma sogeeni, mje muiguse wenyewe.