Si Kila Kinasi ni Adui

Assalaam alaykum. Walionisikia kabla ya leo wanijua, na nyinyi wa Lamu pia hamponi: si kila kinasi, yaani protini inayobandika alama ya kemikali iitwayo fosfati kwenye protini nyingine, ni adui.

Tangu imatinibu, dawa ya saratani inayoziba kinasi, iidhinishwe Marekani mwaka 2001, kinasi ikitajwa watu hudakia: izibwe! Kweli zipo zinazochochea seli zigawanyike ovyo. Lakini LKB1 nayo ni kinasi. Kazi yake ni ileile ya kubandika fosfati kwenye protini nyingine, ila hii ikikosekana ndipo balaa huanza. Sasa tuzibe nini, na yenyewe haipo?

Nishati ya seli ikipungua, LKB1 huibandika fosfati kinasi nyingine, AMPK, nayo AMPK husimamisha ujenzi wa protini na mafuta. Nahodha akiona maji ya kunywa yanapungua chomboni, huwapimia mabaharia. Hangoji pipa likauke.

Mwaka 1998 ilijulikana kwamba jeni yake, iliyo kwenye kromosomu ya 19, ikiharibika huleta ugonjwa wa Peutz-Jeghers, ambao daktari Peutz wa Uholanzi aliueleza tangu 1921. Mtoto hutokwa na madoa meusi midomoni na ndani ya mashavu, na vinyama huota kwenye utando wa utumbo. Yupo bibi yangu hapo nyuma anayenong'ona, "Hayo ya kuzaliwa, urembo tu." Tena yakififia ukubwani ndiyo kabisa haambiliki! Bibi, madoa ya midomoni hufifia, vinyama vya tumboni havina habari. Huweza kuufanya utumbo ujiingie wenyewe, ukaziba, mtoto akajikunja kwa maumivu. Baadaye hatari ya saratani ya utumbo, matiti na kongosho huwa kubwa. Na mzazi akiwa nao, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuurithi. Kwa hiyo mtoto wa madoa na tumbo lisilotulia apelekwe akachunguzwe kwa kamera, na ndugu zake waulizwe.

Naona mkono wa mwenye sukari: dawa yetu, metfomini, si huamsha AMPK? Huamsha, bwana. Lakini panya walioondolewa LKB1 kwenye ini, metfomini haikuwashusha sukari. Kwa panya hao, dawa ilimtegemea yuleyule aliyepotea.

Namna LKB1 inavyozipanga seli za epithelia, zile za utando, zijue juu na chini, na inavyopotea katika baadhi ya saratani za mapafu, nilitaka kuyaeleza vizuri, lakini mwenyekiti keshagonga meza mara mbili. Haya, ulizeni.