Matunzo ni ya Mtoto

Wazee wangu shikamooni, na vijana habari za mchana.

Nianze na shilingi 100. Hapa kwetu Tanzania, sheria ya mkoloni ya mwaka 1949 kuhusu watoto wa nje ya ndoa ilisema baba akithibitika, asitozwe matunzo, yaani fedha za kumlea mtoto, zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi. Tukapata uhuru, unga ukapanda bei mwaka hadi mwaka, na mia ile ikabaki pale pale mpaka Sheria ya Mtoto ya 2009 ilipoifuta. Ikafika mahali nauli ya kuifuata mahakamani inaizidi yenyewe. Jambo hili linaniuma hadi leo.

Sasa hakuna kiwango kimoja. Hakimu anapima kipato na mali za wazazi wote wawili, nasema wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha za pale mtoto anapoishi. Kwa hiyo kesi inasimama kwenye ushahidi. Baba anasema, "Mheshimiwa, mimi kibarua tu." Mama anajibu, "Ana bodaboda mbili!" Haya, kadi za pikipiki ziko wapi? Nani amemwona akipokea hesabu jioni?

Mama mmoja alinionyesha daftari la shule la mwanawe. Mbele hesabu za kujumlisha za mtoto. Nyuma, kwa mwandiko wake mwenyewe: viatu, dawa ya kikohozi, sare, chakula cha mchana. Risiti amezibana kwa pini. Daftari lile lilikuwa na nguvu kuliko machozi, na machozi alikuwa nayo.

Akina baba, kuna neno nalisikia kila wiki: "Hanipi mtoto nimwone, na mimi sitoi." Hapana. Kumwona mtoto ni haki, iombee amri yake. Lakini mtoto anahitaji kula kila siku, hata kama ninyi mmenuniana. Unayetilia shaka kwamba ni wako, omba mahakamani kipimo cha vinasaba, yaani DNA. Sampuli hupimwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Usimkane mtoto barazani mbele ya watu.

Na ukiachishwa kazi, usizime simu. Amri ya matunzo hubadilishwa hali ikibadilika. Chukua barua yako ya kuachishwa, rudi kwa hakimu mapema, kabla deni halijalundikana.

Mama uliyenyoosha mkono pale nyuma, karibu.